Kasi ya mashambulizi katika Old School RuneScape: mwongozo wa kuhesabu tiki

Wachezaji wengi wapya wa Old School RuneScape huchagua silaha kwa kutazama namba moja tu, ile ya nguvu. Wanaona upanga wa mikono miwili una namba kubwa kuliko kitara, wanakusanya sarafu hadi zinatosha, wanaununua, halafu wanashangaa mwenzao mwenye kitara cha bei ndogo akipanda levo haraka kuliko wao. Kinachowapita ni kasi. Silaha inayopiga kidogo mara nyingi inaweza kuishinda mbali ile inayopiga sana mara chache, na jambo hili halihitaji kubahatisha. Linahesabika, tena kwa hesabu za darasani.

Gemu hii ni ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya mwaka 2007, na ndiyo maana bado inaendeshwa na saa ileile ya zamani. Toleo la simu lilikuja Oktoba 2018 na linaingia kwenye seva zilezile za kompyuta, kwa hiyo kila hesabu iliyo hapa chini inamfaa mwenye kompyuta na mwenye simu sawasawa.

Hatua ya 1: Izoee tiki

Seva ya gemu hii hufanya kazi kwa mizunguko. Kila baada ya sekunde 0.6 inapitia mibofyo yote iliyoifikia, inaamua nani kasogea, nani kapiga na nani kafa, kisha inatuma matokeo kwenye skrini za wachezaji wote. Mzunguko mmoja ndio tiki. Dakika moja ina tiki 100 kamili, na hiyo 100 itaturahisishia kila kitu mbele.

Katikati ya tiki mbili hakuna kinachotokea. Ukimbofya adui mara moja au mara kumi ndani ya muda huo, pigo halitawahi. Kubofya kwa pupa kunachosha kidole na kuchakaza kioo cha simu, basi.

Levo nazo haziongezi kasi. Hapa ndipo wanaotoka kwenye gemu nyingine huchanganyikiwa. Katika Ragnarok Online, kwa mfano, ukiongeza pointi za Agility mhusika wako anapiga haraka zaidi. Kwenye Old School RuneScape, Agility inahusu mbio na njia za mkato; kwenye mapigo haina lake. Mwenye Attack 99 na mwenye Attack 40 wakishika kitara cha aina moja wanapiga kwa mwendo mmoja. Aliyetangulia levo mapigo yake yatampata adui mara nyingi zaidi, na akiwa na Strength kubwa atapiga kwa uzito zaidi, lakini idadi ya mapigo yao kwa dakika ni ileile. Kasi ni mali ya silaha.

Ili uihisi tiki, anayetumia RuneLite (programu ya kuchezea gemu hii) kwenye kompyuta awashe kipengele cha Metronome, kinachotoa mlio kila tiki. Baada ya muda mwili unaushika mdundo wenyewe, kama mchezaji ngoma anavyojua mguu unashuka lini bila kumtazama mpigaji. Kwenye simu mtazame mhusika wako anapotembea: akitembea, kila mraba ni tiki moja, akikimbia, anamaliza miraba miwili kwa tiki moja.

Hatua ya 2: Ijue kasi ya silaha uliyoshika

Fungua sehemu ya vifaa ulivyovaa, kisha ukurasa wa takwimu zake. Humo kuna mstari wa Attack speed unaotaja kasi kwa sekunde. Gawanya kwa 0.6 upate tiki. Sekunde 2.4 ni tiki 4, sekunde 3.6 ni tiki 6.

Usihangaike kukariri silaha mojamoja, kariri familia:

- Tiki 2: vishale vya kurusha kwa mkono, visu vya kurusha, na Toxic Blowpipe dhidi ya maadui wa gemu, zote zikiwa kwenye mtindo wa Rapid, yaani wa kurusha haraka.
- Tiki 3: pinde fupi kwenye Rapid.
- Tiki 4: vitara, majambia, mjeledi wa Abyssal Whip, na fimbo ya Trident of the Seas.
- Tiki 5: panga ndefu za kawaida, uchawi wa kawaida wa mashambulizi, pinde ndefu na Rune Crossbow kwenye Rapid.
- Tiki 6: nyundo za vita, mashoka ya vita, na zile panga kubwa za Godsword.
- Tiki 7: panga za mikono miwili, halberd, Granite Maul, na shoka la Dharok.
- Tiki 8: Dark Bow kwenye Rapid. Bila Rapid ni 9.

Gawanya 100 kwa namba ya tiki, utapata mapigo ya dakika nzima. Silaha ya tiki 4 hupiga mara 25. Ya tiki 5 hupiga mara 20. Ya tiki 7 hupiga mara 14 na kidogo.

Hatua ya 3: Hesabu pigo kubwa, kisha ulipime kwa kasi

Kasi peke yake haitoshi kuchagulia silaha. Unahitaji pia kujua pigo lako kubwa kabisa ni lipi. Kanuni yake kwa silaha za mkononi, bila dawa wala sala, ni fupi. Chukua levo yako ya Strength uongeze 8. Ukiwa kwenye mtindo wa Aggressive, ongeza 3 nyingine. Zidisha jibu kwa bonasi yako yote ya nguvu iliyojumlishwa na 64. Ongeza 320, gawanya kwa 640, na utupe desimali.

Tuchukue mchezaji mwenye Strength 60 aliye kwenye Aggressive na hana kingine kinachomwongezea nguvu ila silaha. 60 na 8 na 3 ni 71. Rune Scimitar, yaani kitara cha rune, ina bonasi ya nguvu 44. 71 mara 108 ni 7,668. Ongeza 320, gawanya kwa 640, unabaki na 12. Rune 2h Sword, upanga wa mikono miwili, ina bonasi 70. 71 mara 134 ni 9,514, na mwisho wake ni 15.

Kwa macho, 15 inaishinda 12. Sasa ingiza kasi. Pigo likipata, seva huchagua namba yoyote kutoka chini hadi lile pigo kubwa, kila namba ikiwa na nafasi karibu sawa, kwa hiyo wastani ni takribani nusu. Kitara: wastani wa 6, mara 25 kwa dakika, ni 150. Upanga: wastani wa 7.5, mara 14, ni 105. Hapo tumechukulia kila pigo limepata. Kila tone la damu unalompunguzia adui kwa silaha ya mkono linakupa XP 4, basi mmoja anavuna 600 kwa dakika na mwingine 420. Ukikaa saa nzima mbele ya maadui, pengo hilo ni la levo kadhaa kwa mchezaji anayeanza.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda kwa sababu inafanyika kichwani ukiwa umesimama sokoni Grand Exchange. Chukua pigo kubwa la silaha yako ya tiki 4. Silaha ya tiki 5 lazima ilifikie pigo hilo mara 1.25 ndipo walingane. Ya tiki 6, mara 1.5. Ya tiki 7, mara 1.75. Mwenye kitara kinachopiga 12 aulize: je, huu upanga wa mikono miwili utanifikisha 21? Haufiki. Basi kwa mazoezi ya kila siku, abaki na kitara.

Jambo la pili linafuata hapohapo. Nyongeza ndogondogo za nguvu huzaa zaidi kwenye silaha ya haraka. Mchezaji wetu akivaa Amulet of Strength, yenye bonasi 10, kitara kinapanda hadi 13 na upanga hadi 16. Wote wameongezewa 1. Lakini mwenye kitara anaipokea mara 25 kwa dakika na mwenye upanga mara 14. Kwa hiyo ukiwa na silaha ya haraka, usidharau mkufu, glavu au buti zinazoongeza nguvu kidogo. Hela iliyoingia hapo hurudi upesi kuliko ikiingia kwenye upanga mpya.

Mwenye Attack ndogo aanze na vitara tangu mwanzo. Duka la Zeke mjini Al Kharid huuza vya madini ya chini hadi mithril. Rune inahitaji Attack 40. Kwa wanachama wanaolipia, Dragon Scimitar inahitaji Attack 60 na kumaliza Monkey Madness I, na baada yake Abyssal Whip inahitaji Attack 70. Zote hizo ni tiki 4, na ngazi hiyo imewapandisha wachezaji wengi mno kwa miaka mingi kwa sababu hizi tulizohesabu.

Hatua ya 4: Fahamu kwamba pumziko huja baada ya pigo

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, na ndipo wachezaji wengi hawajafika hata baada ya miaka.

Unapoambiwa silaha ni ya tiki 7, usidhani inajiandaa tiki 7 ndipo ipige. Inapiga mara moja, ukiwa huru, halafu ndipo unapolazimika kusubiri tiki 7. Na pumziko hilo ni la silaha iliyopiga, hata ukiivua mara moja na kushika nyingine. Ukipiga kwa upanga wa mikono miwili kisha ukabadilisha kwenda kitara, utazisubiri zile tiki 7 za upanga. Ukipiga kwa kitara kisha ukashika upanga, utasubiri tiki 4 za kitara tu, na upanga utashuka tiki ya nne kwa uzito wake wote.

Kutokana na kanuni hii moja yanazaliwa mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, piga pigo zito mwishoni. Zimwi likibakiwa na damu kidogo na unajua baada yake utatembea kufuata jingine, shika silaha nzito kwa pigo hilo la mwisho. Pumziko lake refu litakwisha ukiwa njiani. Ukiipiga nzito mwanzoni, unasubiri huku adui amesimama mbele yako anakutwanga.

La pili linawahusu wanaopigana na wachezaji wengine kule Wilderness, na ndiyo sababu Rune 2h Sword bado inauzwa vizuri licha ya hesabu ya hapo juu. Mchezaji asiyelipia hushika Maple Shortbow kwenye Rapid, tiki 3. Anarusha mshale, anabadilisha, na tiki ya tatu upanga unashuka. Mshale nao huchukua muda hewani kutegemea umbali, kwa hiyo majeraha mawili humfikia mpinzani yamekaribiana sana, kabla hajawahi kula chakula cha kurudisha damu. Huyu hana haja na wastani wa dakika nzima. Anachotaka ni damu nyingi ndani ya sekunde mbili. Granite Maul ya wanachama imepata sifa kwa jambo hilohilo: pigo lake maalumu halisubiri pumziko la silaha iliyotangulia, linatoka papo hapo.

La tatu, hesabu gharama ya pigo maalumu kwa tiki. Dragon Warhammer ni ya tiki 6, na pigo lake maalumu likipata linamkata adui asilimia 30 ya Defence. Ukiwa mtu wa mjeledi wa tiki 4, kulitumia mara moja kunakugharimu tiki 2 za ziada, sekunde 1.2. Kwa bosi, yaani adui mkuu, mwenye damu mamia na ngozi ngumu, gharama hiyo si kitu. Mapigo yako yote yanayofuata yatapata zaidi. Ndiyo maana hupigwa mwanzo kabisa wa pambano. Kwa adui mdogo atakayekufa kwa mapigo matatu, unapoteza muda bure. Kumbuka pia kwamba pigo hilo linakula nusu ya nishati ya mapigo maalumu, na nishati hurudi asilimia 10 kila sekunde 30. Nusu hiyo inarudi baada ya dakika mbili na nusu.

Pumziko lina faida nyingine: miguu iko huru. Ukishapiga, unaweza kusogea, kuchota sarafu chini, kunywa dawa au kubadilisha sala, na mradi urudi kumbofya adui kabla pumziko halijaisha, hujapoteza pigo hata moja. Mwenye Rune Crossbow kwenye Rapid anapata tiki 5 kati ya mishale. Anarusha, anakimbia tiki 4, karibu miraba 8, anageuka, anarusha tena. Mazimwi mengi hutembea mraba mmoja kwa tiki, kwa hiyo penye nafasi ya kutosha hayamfikii. Mwenye vishale vya tiki 2 hana anasa hiyo. Akikimbia tu, anaanza kupoteza mapigo.

Hatua ya 5: Angalia mazingira kabla hujaiamini hesabu

Ile hesabu ya 150 kwa 105 inadhani adui yupo mbele yako muda wote na ana damu ya kutosha. Kwenye gemu halisi haiwi hivyo kila mara.

Chukua ng'ombe wa Lumbridge, mwenye damu 8. Damu inayozidi uhai wake haihesabiki. Ukimpiga 12, umepata XP ya damu 8 tu. Pigo lako kubwa likiwa 12, nafasi ya kumwangusha kwa pigo moja lililopata ni namba 5 kati ya 13, karibu asilimia 38. Likiwa 15, ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo upanga unamwangusha kwa pigo moja mara nyingi zaidi. Lakini pigo la kwanza likishindwa, la pili la kitara linakuja baada ya sekunde 2.4 na la upanga baada ya sekunde 4.2.

Pumziko halifutwi adui akifa. Ukimuua ng'ombe kwa upanga na mwingine yupo pembeni, utasimama umshangae hadi tiki 7 zitimie. Ng'ombe wakiwa mbali, utembee tiki 8 au 9 kumfuata, pumziko linakwisha njiani na kasi ya silaha haina tena maana kubwa. Hapo anayepiga kwa uzito ndiye anayefaidi. Ndiyo sababu huwa nasema mchezaji aangalie kwanza uwanja. Maadui waliosongamana wanataka silaha ya haraka. Waliotawanyika wanaisamehe silaha nzito.

Kwa wapiga mishale kuna upotevu wa aina yake. Ukisimama mbali na silaha ya tiki 2, mshale wa pili unaondoka wakati wa kwanza bado uko hewani. Adui akifa kwa wa kwanza, wa pili umekwenda bure. Sogea karibu kama adui hana madhara makubwa.

Silaha nyingine zina tabia zinazopindua hesabu ya kawaida. Scythe of Vitur ni tiki 5, lakini kwa adui mkubwa wa miraba mitatu kwa mitatu inapiga mara tatu kwa mfyeko mmoja: pigo kamili, nusu yake, na robo yake. Vazi kamili la Dharok linaongeza pigo kadiri damu yako inavyopungua, hivyo shoka lake la tiki 7 mikononi mwa mtu aliyebakiwa na damu kidogo linavuka ile mara 1.75 bila shida. Usahihi nao ni wa kutazamwa. Kwa adui dhaifu kama Hill Giant, silaha karibu yoyote ya levo yako inapata mara nyingi, na kasi inatawala. Kwa bosi mwenye Defence kubwa, silaha ya haraka isiyopata ni kelele tu.

Hatua ya 6: Mishale na uchawi

Kwenye silaha za masafa, mtindo wa Rapid unapunguza tiki moja. Faida yake hailingani kwa silaha zote. Kishale kinachoshuka kutoka tiki 3 hadi 2 kinaongeza marusho kwa nusu nzima. Upinde mfupi kutoka 4 hadi 3 unaongeza theluthi moja. Crossbow kutoka 6 hadi 5 inaongeza moja ya tano. Mtindo wa Accurate unakupa nyongeza ya levo 3 za Ranged zisizoonekana, na kwa karibu kila hali nyongeza hiyo haifidii tiki uliyoiacha. Weka Rapid.

Bei ya Rapid ni mishale. Ukirusha zaidi kwa dakika, unamaliza zaidi kwa dakika. Kwa mwenye sarafu chache, kifaa cha Ava's Accumulator ni cha kutafuta mapema, kwani kinakurudishia mishale 72 katika kila 100 kwa wastani.

Uchawi wa kawaida ni tiki 5, uwe mdogo au mkubwa, na fimbo uliyoshika haibadilishi kitu isipokuwa chache maalumu, kama Harmonised Nightmare Staff inayoshusha hadi 4. Hivyo kwa mchawi swali la kasi ni fupi: tumia uchawi mkubwa unaoweza kuulipia. Ukifika Magic 75, Trident of the Seas inakupa tiki 4.

Hatua ya 7: Kula kwa akili

Chakula cha kawaida kinaongeza tiki 3 kwenye pumziko lako. Wengi hawalijui hili, wanakula kila damu ikipungua kidogo, kisha wanalaumu silaha.

Linganisha. Kamba, Lobster, anarudisha damu 12. Papa, Shark, anarudisha 20. Ukihitaji kurudisha 60, utakula kamba watano au papa watatu. Kamba watano ni tiki 15. Kwa mwenye mjeledi ni karibu mapigo manne yaliyopotea. Papa watatu ni tiki 9, mapigo mawili na kidogo. Bei ya papa ni kubwa, lakini kwa bosi mgumu tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo pambano lenyewe.

Dawa za kunywa haziongezi pumziko. Kunywa dawa ya Strength au ya sala katikati ya mapigo bila hofu. Saradomin Brew nayo inarudisha damu bila kukuchelewesha kupiga, ingawa inakupunguzia levo za kupigana. Kwa chakula cha kawaida, wakati mzuri ni adui anapoanguka na wewe unatembea kumfuata mwingine, kwa kuwa muda huo ulikuwa hauna kazi.

Hatua ya 8: Hesabu na tiki za adui

Maadui wana kasi zao. Wengi ni wa tiki 4. General Graardor ni tiki 6. TzTok-Jad, anayekungoja wimbi la 63 la Fight Caves, ni tiki 8, sekunde 4.8 kati ya pigo na pigo. Pigo lake linafika 97, kwa hiyo wachezaji wanamwogopa, lakini saa yake ndefu ndiyo mlango wa kumshinda. Akisimama kwa miguu ya nyuma, ni uchawi. Weka Protect from Magic. Akikita miguu chini, ni masafa; weka Protect from Missiles. Baada ya kubadilisha sala unabakiwa na tiki za kutosha kurusha, kunywa dawa na kurudi kumtazama. Anayekufa kwa Jad kwa kawaida ametoa macho kwa Jad akayapeleka kwenye begi la vitu wakati wa kuangalia mkao umefika. Hesabu hadi nane kwa mdundo wa tiki. Fanya mengine yote kati ya moja na tano, kuanzia sita macho yawe kwake.

Hatua ya 9: Mtandao

Wachezaji walioko Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura wako mbali na seva za Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia, na wengi huamini ping kubwa, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, inapunguza kasi ya silaha. Haipunguzi. Ukishaanza kumpiga adui mmoja, seva inaendelea yenyewe tiki kwa tiki hadi afe, hata kama picha kwenye skrini inakwama.

Ping inauma kwenye vitendo vya kubofya: kubadilisha silaha, kubadilisha sala, kuhamia adui mwingine. Ping ya milisekunde 200 ina maana mbofyo wako unahitaji takribani sekunde 0.1 kufika, na unachokiona kimechelewa kiasi hichohicho. Tiki ina sekunde 0.6, hivyo nafasi ipo; bofya mapema kidogo kuliko macho yanavyokuambia. Ping ya 200 isiyotikisika ni bora kuliko inayoruka kati ya 120 na 500, kwa sababu ile ya kwanza utaizoea na ya pili haizoeleki.

Kabla ya kuingia, fungua orodha ya dunia, yaani seva za kuchagua, uangalie bendera. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, za Uingereza na Ujerumani kwa kawaida huwa karibu kuliko za Marekani na Australia. RuneLite inaonyesha ping ya kila dunia kwenye orodha yake.

Kisha jipime. Tafuta adui mwenye damu nyingi asiyekuumiza, shika silaha yako, tazama saa na uhesabu mapigo ya dakika moja, yaliyopata na yaliyokosa yote. Kitara kinapaswa kutoa 25. Ukipata 25, silaha na mtandao viko sawa. Sasa rudia dakika hiyo mahali unapofanyia mazoezi yako ya kila siku, penye kutembea, kula na kuhamia adui mwingine. Ukipata 17 au 18, mapigo yaliyokosekana yako kwenye kula ovyo, kuchelewa kumbofya anayefuata, au maadui walio mbali mno na silaha yako. Badilisha kimoja, hesabu dakika nyingine, uone namba inakwenda wapi.